Gari la umeme na hesabu ya Lubumbashi

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma maoni ya wasomaji wanaodai kwamba gari la umeme halina gharama, nami, nikiwa na teksi moja ya petroli inayozunguka kati ya Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, naomba kuongeza hesabu yangu. Gari dogo la petroli hunywa kama lita 8 kwa kilomita 100, na kwenye msongamano huzidi. La umeme hutumia takriban kilowati-saa (kipimo cha umeme unaotumika) 18 kwa mwendo huohuo, kwa kuwa mota yake hupoteza nishati kidogo, ilhali injini hutupa sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto. Halihitaji oili ya injini wala plagi za kuwashia petroli, na breki zake hudumu, ingawa uzito wa betri hula matairi.

Hadi hapo nakubali. Lakini mtaani kwetu umeme hukatika jioni, saa ileile ambayo dereva angechaji, na nyua zote hunguruma jenereta. Jenereta ndogo huchoma karibu nusu lita ya petroli kwa kila kilowati-saa, hivyo mwendo ule wa kilomita 100 ungemeza lita 9, yaani zaidi ya teksi yangu!

Anayetaka kununua aulizie kwanza saa za umeme za mtaa wake, kisha bei ya betri mpya.

Wako,
Mwenye teksi, Katuba, Lubumbashi