Mangi, hawa wateja wa mikanda ya kamera watanimaliza

Mangi wangu, mambo vipi huko Dar na joto lenu? Huku Arusha baridi ya mwezi wa saba imetukamata kweli kweli, asubuhi sitoki bila koti na duka nafungua saa tatu kasoro badala ya saa mbili. Msalimie shemeji na watoto. Mama nilimuona Jumapili Kaloleni, mzima kabisa, anauliza unakuja lini, nikamwambia Desemba lazima upande Moshi kama Wachaga wote, sasa usije ukaniaibisha.

Najua ulicheka uliposikia nimerudisha mikanda dukani. Si unakumbuka 2012 Kodak ilipoomba kinga ya kufilisika, tukakaa tukakubaliana hii biashara imekwisha, ile mashine ya kusafishia picha tukaiachia kwa bei ya chuma chakavu, we ukashuka Dar mi nikabaki na pasipoti saizi na fotokopi. Haya, saivi vijana wameirudia. Mtoto wa 2003 anakuja na Pentax K1000 ya babu yake shingoni anataka picha zenye ule muonekano wa zamani. Nikasema sawa, hela si hiyo. Nikaagiza mikanda ya rangi ya Gold 200, nikaagiza HP5 kwa wanaotaka black and white, na mingine michache ya bei mbaya. Kuuza inauzika aisee, kazi inaanza mkanda ukishatoka dukani.

Na mtu asiyejua mi sigombani nae, hata sisi kuna mzee alitukalisha gizani akatufundisha. Ninayemshindwa ni yule asiyejua na hataki kuambiwa, kisa ameangalia video mbili tatu kwenye simu, alafu ikiharibika mwenye kosa ni muuzaji.

Kuna chalii mmoja wa Njiro alinunua Gold ya picha 36, nikamwambia lete kamera nikuwekee, akasema hapana kaka najua. Siku anaurudisha amefurahi huyo, eti kamera yake nzuri imempa picha zaidi ya arobaini. Nikaishiwa nguvu palepale. We unajua, mkanda wa 36 ukikupa 37 au 38 shukuru Mungu, ukiona unavuta tu na unavuta na haufiki mwisho ujue ndani hamna kinachotembea, ule ulimi wa mkanda, ile ncha ya mwanzo, haukushika kwenye spuli inayouvuta. Nikamweleza, akaniambia we safisha tu kaka. Haya nikasafisha, na umeme siku hiyo umekatika, napasha maji kwenye jiko la gesi, kipimajoto mkononi nisitoke kwenye digrii 38, devalopa, ile dawa ya kutoa picha, dakika 3 na sekunde 15, nahesabu kwa simu. Natoa, kile kipande cha mwanzo kilichopigwa na mwanga wakati wa kuweka ni cheusi, kuanzia hapo mpaka mwisho ni rangi ya chungwa tupu, hamna picha.

Nikamuita dirishani aone mwenyewe. Nikamuonyesha pembeni ya mkanda, jina la kiwanda limetokea, namba nazo zimetokea, 1, 1A, 2, 2A, zinasomeka vizuri kabisa, maana yake dawa imefanya kazi na mkanda ni mzima, ila haujawahi kupita mbele ya lenzi. Akaangalia, akageuza, akaangalia tena. Unajua kanijibu nini? "Kwahiyo kaka umeniuzia mkanda usio na picha?"

Mangi mi nikakaa kwenye stuli nikanyamaza.

Alafu kuna dada, huyu alikuwa na sendoff ya mdogo wake, usiku, ukumbini, kamera haina flashi. Nikamwambia chukua Portra 800, maana namba ikiwa kubwa mkanda unaweza mwanga mdogo, au uazime flashi popote pale. Ameangalia maboksi, akachukua Ektar 100 kwasababu alisikia rangi zake ndo zinang'aa, na ni kweli zinang'aa, ila ukiwa na jua, nenda nayo Duluti saa sita mchana utaipenda. Ukumbini zimetoka giza, bibi harusi mtarajiwa amekuwa kivuli, keki ndo inaonekana kidogo kwasababu ilikuwa na mishumaa. Hapo amenipigia simu mara tatu, na mama yake nae akanipigia, na huyo mama mi nilimuelewa kabisa maana sendoff hairudiwi.

Wengine nakupitishia tu. Kuna aliyechukua HP5 akaja kuuliza rangi zake ziko wapi. Kuna anayeuliza ipi ina megapikseli nyingi, akaona 800 akajua hiyo ndo kali kuliko 200, kumbe hiyo namba ni ya mwanga. Kuna wa Canon AE-1 aliyekuja kanuna eti mkanda wangu umegandisha kamera yake, kumbe betri imekufa, na ile bila betri haipigi hata moja, sio kama K1000 ambayo betri ikifa inakosa kipimo cha mwanga tu kamera inaendelea. Nimemuuzia betri hakusema hata asante. Na yule aliyefungua mgongo wa kamera katikati ya safari kucheki zimebaki ngapi, picha zikaungua karibu zote, ananiuliza "sasa huwezi kuziedit?"

Wote wanataka zije WhatsApp jioni ileile, hiyo hata sijaitaja.

Ila kuacha siachi, usianze kunishauri nirudi kwenye kalenda na vikombe. Nimeweka utaratibu, mtu akinunua mkanda kamera anaileta, anaweka mwenyewe hapo kaunta mimi naangalia. Anaingiza ulimi kwenye spuli, anavuta mara moja mgongo ukiwa wazi aone meno yameshika matundu ya pande zote mbili, anafunga, anazungusha kile kishikio cha kurudishia taratibu mpaka kikaze, alafu namwambia vuta tena, usiangalie kingine angalia hicho kishikio. Kikizunguka chenyewe mkanda unatembea, kisipozunguka fungua uanze upya. Ni dakika mbili tu lakini wengine wanaona nawadhalilisha, juzi kuna mmoja amesusa akasema ataagiza Nairobi. Aende. Wanaokubali hamna hata mmoja aliyerudi na mkanda mtupu mpaka leo, na wanavyokiona kile kishikio kinazunguka chenyewe wanacheka wenyewe, kuna binti alivuta mpaka nikamwambia basi utamaliza picha zote hapa dukani.

Sasa shida yangu kwako. Siwezi kuwafundishia mkanda mzima wa hela, na ninao mmoja tu wa zamani ambao matundu yameshachanika kwa kuvutwavutwa. Ile mikanda yako iliyokwisha muda, ile uliyoiweka kwenye ndoo ya rangi kule stoo, kama shemeji hajaitupa naomba uniwekee hata mitano kwenye basi la usiku. Andika namba yangu juu ya boksi kwa maka pen maana mara ya mwisho stendi walinisumbua sana. Nauli ya mzigo nalipa mimi huku, na kama kuna na zile betri ndogo za kipima mwanga weka pia, zinaisha haraka.