Mashine ya theluji ikilia, isikilizeni kabla hamjaitupa

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Buffalo, jimbo la New York. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba mnivumilie manake nitakuwa mrefu kidogo, ila jambo lenyewe linawahusu wasomaji wenu wengi ambao tuko huku kwenye baridi na gazeti tunalisoma kwenye simu.

Kwa ambao hawaujui, mji huu umekaa pembeni ya ziwa Erie, upepo ukivuka yale maji kabla hayajaganda unabeba unyevu wote unakuja kuumwaga huku kwetu, kwa mwaka wa kawaida theluji inapita mita 2. Novemba 2022 pale Orchard Park, kusini kidogo ya mji, zilianguka karibu mita 2 kwa siku chache tu, alafu Krismasi ya mwaka huohuo ikaja dhoruba iliyoondoka na watu zaidi ya 40 eneo hili. Kwahiyo mashine ya kurusha theluji kwetu sio mapambo, na sheria ya mji inamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele yake, mzee au mgonjwa ni lazima apate wa kumfanyia.

Sasa kilichonifanya niandike. Januari iliyopita mama mmoja wa Uvira, Kongo, tunakaa nae mtaa mmoja hapa West Side, alinipigia saa kumi na moja alfajiri, "Papa, kuya uone mashini, inalia sana." Nikavaa nikatoka. Alikuwa ameshaipeleka kwenye duka moja la ufundi, wakaiwasha dakika mbili wakamwambia giaboksi, lile sanduku la gia za mbele, imekufa, matengenezo dola 600, bora anunue mpya. Mashine yenyewe alinunua mtumba dola 250. Ana watoto wanne na anafanya kazi usiku, hiyo 600 angeitoa wapi? Alikuwa ameshaamua kuiacha barabarani wachukue wa vyuma chakavu.

Mimi nimekulia Muheza, baba mdogo wangu alikuwa na mashine ya kusaga, na kazi yangu toka nikiwa darasa la tano ilikuwa kukaa pale mlangoni na debe. Yule mzee alikuwa hafungui kitu kabla hajasikiliza. Mkanda una sauti yake, beringi ina sauti yake, nyundo za kinu zikigusa chujio ni sauti nyingine kabisa, na alitufundisha kuzitofautisha tukiwa tumefumba macho. Nilipofika huku nikakuta mashine ya theluji ni jamaa yake tu, injini, mkanda, puli, beringi na chuma kinachozunguka ndani ya bati. Na sio kwa bahati, Arthur Sicard wa Quebec, Kanada, aliyeunda ile ya kwanza iliyofanya kazi vizuri mwaka 1925, na kuiuza mji wa Outremont mwaka 1927, inasemekana wazo alilipata kwenye mashine ya kupura nafaka shambani.

Basi pale kwa mama nilifanya hivi, na ndo naomba watu washike. Kwanza niliitoa nje uwanjani, manake kuwasha injini ndani ya gereji ya nyumba ni kujiua, moshi wake haunuki sana lakini unaua familia nzima imelala. Nikaiwasha nikaiacha inguruma bila kugusa klachi yoyote. Injini ilikuwa safi, sauti moja. Hapo tayari umeshapunguza nusu ya kazi, kwasababu ingekuwa inagonga toka ndani ungeizima palepale ukaangalie oili, na ingekuwa inapiga kelele kama pikipiki iliyotobolewa ungejua ni ekzosi imelegea au imeoza na kutu. Alafu nikabana klachi ya matairi peke yake, ikatembea, kimya. Nikaachia, nikabana klachi ya oga, ile parafujo kubwa ya mbele inayokusanya theluji, na hapohapo ikatoka mlio mkali mrefu, wiiiii, hadi mbwa wa jirani akaamka. Nikaachia, ukakata. Nikarudia mara tatu ni vilevile.

Mlio mkali unaoanza sekunde ileile unabana klachi mara nyingi ni mkanda unateleza au puli ndogo ya kubania mkanda. Giaboksi ikifa hailii hivo, yenyewe inasaga, inakwaruza, au inakaa kimya kabisa na oga haizunguki.

Nikazima, nikachomoa waya wa plagi, ile inayopiga cheche ndani ya injini. Hapa naomba Mhariri mkipunguza barua yangu msikate hiki kipande: waya wa plagi uchomolewe KABLA mkono haujaenda mbele, na hata ukiwa umechomolewa, bomba la kutupia theluji likiziba usiingize vidole, tumia kijiti. Mkanda unaweza kuwa umebaki na nguvu, ukiondoa kile kipande cha barafu kilichokwama ile feni iliyo nyuma ya oga, inayorusha theluji bombani, inajizungusha robo mzunguko yenyewe na robo hiyo inatosha kuchukua vidole vitatu. Nimemuona kijana mmoja wa kwetu kwa macho yangu, alikuwa na miezi mitano Marekani, alizima injini vizuri tu akaingiza mkono, na saa hii anasaini na mkono wa kushoto. Hakuna aliyemwambia. Inaniuma mpaka leo manake tulikuwa tunasali nae kila Jumapili na mimi nayajua haya mambo, sikuwahi kufungua mdomo.

Turudi kwa mama. Kifuniko cha mkanda kina skrubu mbili tu. Nikafungua nikakuta vumbi jeusi la mpira limejaa kama masizi ya chungu, mkanda pembeni unang'aa kama kioo, ukishang'aa hivo haushiki tena. Nikautoa. Alafu nikaweka kidole kwenye ile puli ya kubania nikaizungusha. Puli isiyo na ubovu inazunguka kimya na kwa ulaini, hii ilikuwa inatafuna kama kuna mchanga ndani, na ukiitikisa inayumba kushoto kulia. Beringi yake imekauka. Mama alikuwa amesimama na tochi pembeni nikamwambia aizungushe mwenyewe asikie, akaizungusha, akaniangalia, akasema "ni hii tu?"

Nikataka nihakikishe hiyo giaboksi inayosemwa. Mkanda ukiwa umetoka niliisukuma feni taratibu na mpini wa ufagio, oga zote mbili zikafuata, kushoto na kulia. Gia zingekuwa zimelika feni ingezunguka peke yake. Nikashika ncha ya oga nikaiyumbisha juu chini, bushi, zile pete zinazoishikilia pembeni, zilikuwa na mchezo kidogo sana wa kawaida. Nikaitikisa feni hivohivo, imara, beringi ya nyuma yake nzima. Yaani giaboksi ilikuwa hai kabisa. Puli mpya ilikuwa dola 18, mkanda dola 22, na kuvifunga ilichukua dakika arobaini kwasababu ya baridi vidole havishiki nati.

Lakini kulikuwa na kitu kibaya kuliko hiyo puli na ndo kilinifanya niseme lazima niandike gazetini. Kila upande wa oga kuna pini inayoishikilia kwenye ekseli yake, wenyewe wanaita shia pini. Ni chuma laini makusudi, ina kamfereji katikati, ili oga ikikutana na jiwe au tofali pini ikatike gia zipone. Kwenye mashine ya mama niliweka tochi nikaona kichwa cha bolti ya pembe sita, na juu yake mistari sita imechongwa. Mistari sita maana yake ni chuma kigumu cha gredi 8. Mtu aliyemuuzia alichoka kubadilisha pini akaweka bolti isiyokatika. Siku hiyo oga ikikwama haitakatika bolti, itavunjika gia, na hapo ndo kweli utalipa 600. Huku kinachokwama sio jiwe peke yake, hata gazeti la karatasi, likirushwa uwanjani alfajiri theluji inalifunika, linaganda kama gogo na oga ikilimeza inasimama palepale. Pini mbili halisi ni dola sita saba. Nilizitoa zile bolti nikaondoka nazo ili asije mtu akazirudisha.

Kelele nyingine nitazipitia haraka. Mkwaruzo chini kama unakwangua sufuria ni viatu vya pembeni, vile vyuma viwili ambavyo mashine inatelezea chini, vimelika, vilegeze uvishushe, na kama bamba la kukwangua limeisha badilisha kabla haijaanza kula bati lenyewe. Kugonga kwa mpangilio, to, to, to, kila mzunguko, ni oga imepinda au barafu imeganda ndani. Upande mmoja wa oga unazunguka na mwingine umelala, pini imekatika. Kutetemeka kwote kwote ni nati, pita na spana moja moja. Na mlio wa sekunde kadhaa asubuhi ya baridi kali alafu ukapotea usikutie hofu, mkanda ulikuwa umekakamaa tu. Zile mashine ndogo zenye ulimi wa mpira hazina giaboksi mbele, kelele zake nyingi ni mkanda au mpira uliolika.

Ombi langu kwenu Mhariri ni moja. Mnaandika sana habari za ughaibuni, viza, kutuma pesa nyumbani, misiba, na ni vizuri. Tengeni hata robo ukurasa mwezi wa kumi, kabla msimu haujaanza, kwa mambo kama haya kwa Kiswahili. Kitabu cha mashine kinakuja na lugha tatu na Kiswahili hakimo, na mtu aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma alipewa nyumba na mashine kuukuu ndani ya gereji bila neno lolote. Mafundi wa kusaga, wa pikipiki, wa mashua wapo wengi kwenye jamii yetu huku na wanapaki maboksi usiku, waulizeni wataandika, na mimi nitaandika bure kila mkinitaka.

Mashine ya mama wa Uvira imemaliza msimu bila kulia. Pini nne za akiba nimemfungia na waya kwenye mshikio, mtoto wake mkubwa wa miaka kumi na sita ameshabadilisha moja mwenyewe mwezi wa pili, waya wa plagi alichomoa kwanza, nilikuwa nimesimama namwangalia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Buffalo, New York