Njia zetu hugeuzwa kila jioni

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako na kulikunja, leo nimeshindwa kunyamaza. Makala yenu kuhusu gari za abiria zinazobadilisha njia kumfuata anayezihitaji inalieleza jambo hili kama geni kwetu. Sisi wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, njia hugeuzwa kila jioni, na anayeigeuza ni dereva.

Wiki mbili nyuma nilimtoa mama yangu hospitali mjini, tukapanda gari namba 326 ya Kizimkazi, nauli tumelipa mpaka kijijini kwetu Mkunguni. Kufika njiapanda ya Kufile tumebaki watu sita. Utingo akagonga bati: "Wa Kizimkazi teremkeni, gari inageuza." Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nimelipa mpaka nyumbani." Kijana hakujibu. Alishusha kikapu chetu akakitua kwenye vumbi, chupa ya dawa ikalala ubavu ikaanza kuvuja. Adhana ya magharibi ikatukuta pale pale. Kutoka Kufile mpaka kijijini ni mwendo mrefu kwa miguu, na mama miguu imemvimba hata kiatu hakiingii. Akatokea muuza samaki na vespa yake, Mungu amlipe, akampakia mama. Mimi nikafuata kwa miguu, kikapu kichwani, gizani. Nauli ya kipande kilichobaki hatukurudishiwa hata shilingi.

Na watoto wa skuli je? Wao nauli yao ni pungufu, basi utingo akiona sare tu anamwambia dereva "twende". Mtoto anafika darasani saa tatu, anaadhibiwa kwa kuchelewa.

Mmesifu programu za simu. Helsinki, Finland, walianza hivyo 2012: abiria anaita, kompyuta inawakusanya wanaoelekea upande mmoja. Mwisho wa 2015 huduma ikafungwa kwa ukubwa wa gharama. Kwetu tuanze na simu ya kawaida. Iwekwe gari moja ndogo Kufile, kuanzia alasiri mpaka isha. Gari ya mjini ikipita Jozani, utingo apige simu aseme ana wangapi wa Dimbani na wangapi wa Mkunguni, maana Kizimkazi ni pande hizo mbili. Gari ndogo iwe inawasubiri, ianze upande wenye mgonjwa, na nauli iliyolipwa mjini ihesabiwe mpaka nyumbani. Namba ya simu hiyo iandikwe ukutani pale njiapanda kwa rangi nyeupe, tarakimu kubwa, mama aisome bila miwani.

Mkaazi wa Kizimkazi Mkunguni,
Unguja