Barua kwa Mwanangu: Unayemkubali Hubeba Jina Lako

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Uliniambia kwamba tangu ufungue akaunti yako ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, umekuwa ukikubali kila ombi la kuunganishwa, kwa kuwa unaamini anayetafuta kazi hana nafasi ya kuchagua watu. Nimelitafakari jambo hilo na nimeona nikuandikie kwa kirefu, kwani mimi naamini kinyume chake: anayeanza kazi ndiye anayepaswa kuchagua zaidi, kwa sababu jina lake ndiyo kwanza linajengwa.

Kuhusu idadi sitasema mengi. Ukishavuka watu 500, wasifu wako huacha kuonyesha hesabu kamili ya ulioungana nao na huandika tu 500 na alama ya kujumlisha, hivyo mwenye 510 na mwenye 20,000 huonekana sawa. Kikomo ni watu 30,000, na sioni ni kazi gani mtu mmoja anaweza kuifanya na umati huo.

Linaloniumiza kichwa ni kile unachokitoa unapobonyeza kitufe cha kukubali. Kumfuata mtu ni jambo la upande mmoja: unasoma anayoyaandika, basi. Kuunganishwa kunawahusu nyote wawili, kwa maana anaweza kukutumia ujumbe moja kwa moja, anaweza kuona taarifa za mawasiliano ulizoziacha wazi na, usipobadilisha mipangilio, anaweza kuipitia orodha yako yote, wakiwemo walimu wako na wale waliokusimamia katika mafunzo ya kazi. Akiwaendea hao, wataona kwamba yeye na wewe mmeunganishwa, na baadhi yao watampokea kwa sababu hiyo peke yake. Hapo, bila kutamka neno, umekwisha kuwa mdhamini wa mtu usiyemjua, na akiwatapeli, watakumbuka ni jina la nani lililowatoa wasiwasi.

Usidhani ninakutisha bure. Mwaka 2019 shirika la habari la Associated Press lilifichua wasifu wa mwanamke aliyejiita Katie Jones, aliyekuwa ameungana na watu wa siasa na sera mjini Washington, ilhali hakuwepo mtu kama huyo na wataalamu walisema picha yake ilielekea kuwa imetengenezwa na kompyuta. Mmoja wa waliomkubali, mwanauchumi aliyetajwa wakati huo kufikiriwa kwa wadhifa mkubwa katika benki kuu ya Marekani, alisema kwamba yeye hukubali kila ombi linalomjia. Soma tena sentensi hiyo, mwanangu, kwa maana ndivyo ulivyoniambia wewe. Miaka miwili baadaye, idara ya usalama ya Uingereza, MI5, ilionya kwamba Waingereza wasiopungua 10,000 walikuwa wamefuatwa na wasifu bandia wenye uhusiano na mataifa hasimu katika kipindi cha miaka 5.

Hata hivyo sitaki ujifungie na marafiki wa karibu tu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba, miongoni mwa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, wengi walimwona mtu huyo mara chache au kwa nadra, kwa kuwa rafiki wa karibu aghalabu anajua yale yale unayoyajua wewe. Utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, ukihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 na kuchapishwa mwaka 2022, nao ulikuta kwamba uhusiano uliolegea kiasi ndio ulioleta kazi mpya zaidi. Kwa hiyo mtu mliyesoma naye darasa moja bila kuzoeana, au aliyekujibu swali vizuri katika mkutano wa fani yenu, mkubali kwa moyo mweupe. Ukaribu si kipimo changu. Kipimo changu ni kama unaweza kumjibu mwajiri atakayekuuliza, "Huyu unamfahamu vipi?", kwa sentensi moja ya kweli.

Ambaye huna sentensi hiyo kumhusu, lakini ameandika maneno ya kueleza kwa nini amekutafuta, mjibu kwanza kwa heshima na umuulize anachokihitaji kabla ya kumkubali. Mwenye nia njema hachukii kuulizwa. Ambaye hakuandika lolote, na wasifu wake hauna hata sehemu moja inayogusana na kazi yako, mwache. Najua utaona haya, hasa akiwa mtu mzima mwenye cheo kirefu, lakini mtandao haumpi taarifa kwamba umelipuuza ombi lake, na hata ukimwondoa uliyekwisha kumkubali hataarifiwa. Ukivutiwa na maandishi ya mtu mashuhuri katika fani yako, mfuate tu, utayasoma yote anayoyaandikia umma.

Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio na uifiche orodha yako ya watu, kisha uipitie pole pole, hata ikikuchukua wiki kadhaa. Ukikutana na jina linalokutia shaka, nitumie wasifu wake tuusome pamoja.

Nakupenda sana,
Mzazi wako