Barua ya wazi kwa vijana mnaoutafuta uhakimu

Wanangu,

Nimeona majina yenu yakizunguka kwenye makundi ya simu, mmeitwa kwenye usaili wa Hakimu Mkazi Daraja la Pili. Hongereni. Ila kilichonishikisha kalamu ni mambo niliyoyaona Jumanne.

Nilimsindikiza dada yangu mahakama ya mwanzo fulani, humu humu mkoani. Shauri la mirathi: marehemu mumewe aliacha ng'ombe na shamba la zabibu, mashemeji wamekaza shingo. Saa mbili kasoro tumeshakaa kwenye benchi. Makaratasi kayatia kwenye pakiti tupu ya sukari, pakiti kaifunga kwenye pindo la kanga. Saa tano unusu hakimu akaingia, kijana wa rika lenu, simu sikioni, salamu hakuna. Saa saba karani akatoka: "Hakimu ana udhuru, mje tarehe 14." Mara ya sita hiyo! Dada akafungua fundo, akahesabu nauli, akafunga tena. Hakusema neno.

Mimi ndiye niliyechemka. Ukarani wa mahakama nimeufanya miaka 31, udhuru naujua na uvivu naujua. Hakimu wangu wa kwanza hakuwa na digrii. Siku akikwama alitoka nje mwenyewe, akachuchumaa mbele ya wazee: "Mama, leo nimeshindwa, unisamehe. Tarehe gani itakufaa? Usinitajie siku ya mnada, wala wiki ya palizi." Kisha ndipo anaandika. Kuahirisha shauri ni mstari mmoja kwenye jalada, lakini kwa aliyetoka kijijini ni kuku mwingine kauzwa. Hilo ninyi hamfundishwi?

Kuteua mahakimu ni kazi ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, chini ya Jaji Mkuu. Ndivyo Katiba inavyosema, ibara ya 113. Tume itaona vyeti vyenu na Shule ya Sheria mliyopitia. Sidhani kama itaona iwapo unaweza kumsikiliza bibi anayechanganya Kigogo na Kiswahili bila kutupia jicho saa. Mjukuu wangu ananiambia yako majimbo ya Marekani ambako majaji wanapigiwa kura, kwa nini nasi tusifanye hivyo? Nikamwambia, tutagawiwa kanga na pilau, halafu mwenye pilau ndiye atakayeshinda kesi. Bora Tume.

Mengine kwa kifupi. Msikope kwa wafanyabiashara wa mji mliopangiwa. Hukumu isomwe siku mliyoahidi, na nakala itoke upesi, maana siku 30 za rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya haziisubiri meza yenu. Mkipangiwa Kondoa vijijini, msianze na barua ya uhamisho.

Na sisi wananchi tusijitoe. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeweka kamati za maadili, ya wilaya mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya, na malalamiko dhidi ya hakimu yanapelekwa huko. Nani amewahi kupeleka? Tunanong'ona kijiweni, halafu jioni tunachangishana hela "ya kumwona hakimu". Kijana anakuja msafi, bei yake tunampangia sisi.

Mwaka 2025 limezinduliwa jengo la makao makuu ya Mahakama hapa Dodoma, ghorofa la kupendeza kweli. Dada huliangalia kwa dirisha la daladala akija mjini, halafu hurudi kwenye benchi lake la mbao.

Tarehe 14 tutakwenda tena. Kama shauri litadumu mpaka mtakapoapishwa, na kwa mwendo huu litadumu, huenda mmoja wenu akaletwa pale. Dada yangu hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, kwa sababu ya miguu. Mwite jina lake kwa sauti, sikio la kulia halisikii vizuri.

Karani mstaafu,
Chamwino