Mke wangu hataki tena mtoto apewe antibayotiki, naombeni ushauri

Habari zenu ndugu wasomaji, na shikamoo daktari unayejibu hizi barua. Naombeni mnisaidie mawazo maana ndani hatuongei vizuri siku hizi na kinachotugombanisha ni tumbo la mtoto, tena wala haliumi, tunagombania bakteria waliomo humo ndani.

Mtoto wetu ana miezi nane. Alizaliwa kwa upasuaji, na nimekuja kuelewa baadaye kwamba mama huwa anachomwa antibayotiki kabla hajapasuliwa ili kidonda kisipate maambukizi, na mtoto naye anapata kidogo kupitia kondo. Alivyotoka akawa anapumua harakaharaka na joto linapanda linashuka, wakahisi ana maambukizi kwenye damu wakamuanzishia sindano za ampisilini na jentamaisini hapohapo. Damu ikapelekwa maabara kuoteshwa, majibu yakarudi hakuna kilichoota. Miezi minne akapata mafua na kikohozi, tukapewa sirapu ya amoksilini. Sasa juzijuzi masikio, yote mawili, moja linatoa usaha kabisa, homa juu, halali, tukapewa amoksilini tena dozi ya siku 10.

Katikati ya dozi choo kikawa majimaji na matako yakababuka mekundu. Mama yake akaanza kusoma mitandaoni usiku, na huyu mwanamke akisoma kitu anasoma mpaka mwisho, akaja na hoja ambazo kusema ukweli sikuwa na majibu yake. Kwamba kwenye utumbo wa mtoto anayenyonya wanatakiwa watawale bakteria wanaoitwa bifidobakteria, na kwamba kwenye maziwa ya mama kuna aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, yaani zimewekwa mle kwa ajili ya kulisha hao bakteria, na ni nyingi, ukiondoa sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta hizo ndizo zinazofuata kwa wingi. Bakteria wakizila wanatoa asidi, asidi inawafukuza wadudu wabaya. Ukimpa antibayotiki unapiga wote, wazuri na wabaya, halafu nafasi ikibaki wazi wanaingia bakteria wengine wanaoweza kuleta maambukizi, akina klebsiela na enterokokasi.

Akanionyesha na utafiti wa Uholanzi uliotoka 2022, walichukua vichanga waliohisiwa kuwa na maambukizi kwenye damu wakawagawa kwa kura kwenye makundi matatu ya dawa, wakafuatilia choo chao, na tofauti na watoto ambao hawakupewa dawa ilichukua mpaka mwaka mmoja kurudi sawa. Na vinasaba vya usugu wa dawa, yaani vile vinavyowafanya bakteria wasiuawe na dawa, navyo viliongezeka. Hapo akafunga mjadala, sirapu akaificha kabatini akasema mtoto wake haimezi tena.

Nikampigia daktari, kasema usaha umekauka na homa imeshuka sawa lakini tumalize dozi, choo kilaini wakati wa antibayotiki ni kitu cha kawaida kwa watoto, tumnyonyeshe mara kwa mara na tuangalie kama mkojo unapungua, macho yanaingia ndani au kuna damu kwenye choo. Havikuwepo. Tukamaliza dozi kwa kununiana na choo sasa kimeanza kurudi, ila mke wangu katangaza hiyo ndiyo ya mwisho.

Sasa mimi msimamo wangu ni huu, na ndo nataka mniambie kama nimepotoka. Naona hizi dawa tatu za huyu mtoto haziko kapu moja. Ile ya mafua namuunga mkono asilimia zote, mafua ni virusi, antibayotiki haigusi virusi, kwa hiyo bakteria wa mtoto waliuawa bure na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini zile sindano za siku ya kwanza? Yeye anasema majibu yalionyesha hakuna kitu, kwa hiyo alichomwa bure. Mimi nasema kichanga mwenye maambukizi kwenye damu anaweza kufariki ndani ya masaa, na maabara wanasubiri siku moja mbili mpaka wadudu waote, ungekuwa wewe daktari ungekaa tu? Na kutokuota wadudu siyo uhakika kwamba hawakuwepo. Halafu kwenye utafiti huohuo wa Uholanzi (hii sehemu alipita haraka kidogo) walikuta penisilini na jentamaisini ndiyo iliyovuruga utumbo kidogo kuliko mchanganyiko mwingine wote, na ampisilini aliyopewa wetu ni ukoo huohuo wa penisilini. Na sikio linalotoa usaha kwa mtoto wa miezi nane sidhani kama ni la kulifanyia majaribio.

Kinachomtisha zaidi ni pumu, kasoma watoto waliopewa antibayotiki mapema wanapata pumu zaidi. Nikamtafutia utafiti wa Sweden wa 2014 ambapo walilinganisha ndugu wa familia moja, aliyepewa na asiyepewa, na ule uhusiano ukapungua sana, maana mtoto anayeelekea kwenye pumu ndiyo huyohuyo anayekohoa kila mara na kupelekewa dawa. Akaniambia natetea madaktari. Dah.

Hofu yangu siyo huu ugomvi, hofu yangu ni siku mtoto akipata kitu kisichosubiri, nimonia kwa mfano, na mimi niko safarini, halafu sirapu inakaa kabatini.

Juu ya hayo shemeji yangu kaleta unga wa probayotiki, yaani bakteria wazuri wa kumlisha mtoto, kopo limeandikwa mabilioni ya bakteria aina kumi na kitu, anasema utarudisha kila kitu. Mke wangu anautaka, mimi nasita. Najua kuna aina zilizopimwa kweli kwa kupunguza kuharisha kunakotokana na antibayotiki, kama laktobasila ramnosasi GG na ile hamira ya sakaromaisesi bulardi, lakini hili kopo hata halisemi ni aina gani hasa, na Marekani mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo kuhusu kuwapa probayotiki watoto njiti. Wetu siyo njiti, alitimiza miezi yake. Lakini kama bado ananyonya vizuri si tayari anapata chakula cha bakteria wake kila siku?

Kwa hiyo naomba mnisaidie, huo unga tumpe au tuache, na siku nyingine tukiandikiwa antibayotiki tumuulize daktari maswali gani bila kuonekana tunamfundisha kazi, maana nadhani mke wangu akisikia sababu kutoka kwa daktari mwenyewe atalegea kuliko akisikia kwangu. Waliopitia haya na wenza wao naomba mniambie mlikubaliana vipi.

Barua anajua naiandika na kasema atasoma majibu yote. Kaniambia niongeze na swali lake: kama mnasema bakteria wazuri wanarudi wenyewe, je kuna kipimo cha choo cha kuonyesha wamesharudi, au tunaambiwa tu tutulie?