Mama alikohoa miezi mitano, kumbe ni dawa ya presha

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili maana naamini kuna wazee wengi wanakohoa huko majumbani na hawajui kwanini.

Mama yangu mwaka jana aligundulika ana presha akaanzishiwa enalapril. Mama ni mtu wa dozi kwelikweli, hakosi hata siku. Presha ikashuka, tukashukuru. Kama wiki tatu hivi kikaja kikohozi kikavu, hakina makohozi, usiku ndo kinamkaba mpaka analala ameegemea mito. Basi tukaanza kuzunguka, antibayotiki siku saba, zikaisha tukapewa zingine, dawa za maji sijui chupa ngapi, akapimwa TB mara mbili hana, picha ya kifua safi. Miezi mitano! Mama mwenyewe akatenga kikombe chake cha chai wajukuu wasikiguse, hilo liliniuma kuliko hela.

Siku hiyo nimeenda famasi kununua dawa ya kikohozi, dada wa pale akaniuliza "mama anatumia dawa gani nyingine?" Nikamtajia. Akasema rudini kwa daktari ila asiache dawa kienyeji, hizo na ndugu zake captopril na lisinopril zinaleta kikohozi kikavu, wanawake ndo zaidi. Akabadilishiwa losartan, wiki ya tatu kimya.

Dawa siilaumu, inasaidia wengi na kikohozi hicho kinajulikana toka miaka ya 80. Nalalamikia pale dirishani, bahasha imeandikwa 1x1 basi. Kwenye uzazi wa mpango manesi wanakueleza maudhi yote mpaka unachoka kusikiliza, sasa kwenye presha, dawa ya kumeza maisha yote, kuna ugumu gani kusema ukikohoa rudi, ukivimba midomo au uso kimbia hospitali? Eti wagonjwa watatishika waache dawa. Na kwamba TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za madhara hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe nimekuja kujua baadae kabisa.

Juzi nimempeleka kliniki wakamuongezea amlodipine. Nikauliza hii nayo maudhi yake nini, kijana wa dirishani akaniangalia kama namcheleweshea foleni, akasema soma karatasi ya ndani. Karatasi gani, wakati vidonge kavihesabu toka kwenye kopo mbele yangu? Nimeenda kusoma mwenyewe kwenye simu, inavimbisha miguu.

Msomaji wako, Morogoro